Sarafu za Kilwa kwenye Shamba la Karanga

Sikuwahi kuipenda karanga. Naikaanga, naitwanga, naiunga kwenye kisamvu kama mwanamke yeyote wa kwetu, lakini kuipenda, hapana, na watoto wangu wanajua wasiniulize. Wazungu walipokuja Nachingwea kulima karanga zao hawakuanza na karanga. Walianza kwa kuiondoa nchi. Miti iliondoka, vichuguu viliondoka, njia za miguu tulizozipita tangu utotoni ziliondoka, na mtu aliyetoka asubuhi kwenda kuchuma mboga za porini alirudi akiuliza njia ya kwao kama mgeni.

Mwaka huo nilikuwa mjane, na bado msichana. Nilikuwa nimeolewa Likunja, upande wa Ruangwa, na mwanamume mpole aliyependa kucheka, na homa ilimchukua kabla hatujapata mtoto. Nilikaa eda kwa wakwe zangu. Eda ilipokwisha nilirudi Lionja kwa bibi yangu mzaa mama, ndiye aliyenilea. Kwetu mtu ni wa kwa mama yake, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona na kikapu changu kichwani. Kilichowashangaza ni mikono yangu.

Mwanamke anapoingia eda huvuliwa vikuku vyake vya shaba. Eda ikiisha anaoga, anapewa nguo safi, anavirudisha mkononi na maisha yanaendelea. Mimi nilikataa kuvirudisha. Nilivifunga kwenye kitambaa nikavisukumia chini ya kitanda, na kila aliyenishauri nilimjibu vibaya. Na lazima mfahamu kwamba wakati ule mwanamke wa kwetu mwenye mume hakuvua vikuku vyake hata akijifungua, hata akiumwa kiasi cha kutoijua siku. Kuvivua huku mume anapumua ilikuwa ni kumwombea kifo. Basi mikono mitupu ilikuwa na maneno yake, na yangu yalisikika kila nilipokwenda: kisimani, shambani, harusini. Wanawake walinipisha njia kwa huruma. Huruma ile ilinikera kuliko tusi.

Nikaona heri nitafute mahali ambapo hakuna anayenijua. Nilianza kuchemsha mihogo na kupika uji, nikawa nawauzia vibarua wa mradi kwenye kambi yao, mwendo wa asubuhi kutoka kwetu. Kambi ilikuwa mahema, mapipa, vumbi na kelele. Watu walikuwa wametoka kila upande, na kwa kuwa kila mtu pale alikuwa mgeni, hakuna aliyejali mikono ya muuza mihogo.

Pale ndipo nilipoona jinsi pori linavyong'olewa. Matrekta mawili makubwa yalikwenda sambamba, yameachana, na katikati yao yaliburuta mnyororo mnene uliosemekana kuwa ni wa meli. Mnyororo ukipita, miti ilianguka yote pamoja, mikubwa kwa midogo, na vumbi likitulia unaona mbingu mahali ambapo hukuwahi kuiona. Nilisimama nikatazama na ndoo ya uji mkononi. Nilitamani kulia na nilitamani kuona tena, yote mawili.

Lakini mnyororo ule nao ulikuwa unakatika. Pini zake na vipande vyake vilizama kwenye udongo, na baadaye plau zilipokuja kulima zilivigonga zikavunjika. Kwa sababu hiyo akaletwa Mzungu mmoja mwembamba, mwenye masikio yaliyobabuka kwa jua, na mashine ya kusikiliza chuma. Ilikuwa fimbo ndefu, mwishoni ina sahani pana, na waya uliokwenda kwenye mfuko mgongoni mwake na kutoka hapo hadi kwenye vifuniko viwili vya masikio. Vitani alikuwa akitafutia mabomu mchangani huko Misri. Sasa alikuwa akitafuta pini za mnyororo Nachingwea, na alionekana kuridhika na mabadiliko hayo.

Alitembea na mkalimani, kijana wa Lindi aliyejiona sana kwa Kiswahili chake cha mjini. Huyo baadaye alinioa na kunichosha kwa maneno miaka yote tuliyoishi pamoja, Mungu amrehemu, lakini wakati ule nilimjua tu kama mteja anayechagua mihogo kama anayechagua mchumba. Yeye ndiye aliyenieleza kazi ya mashine. Alisema inasikia chuma na shaba hata kama vimefukiwa, na kwamba chini hakuna kinachojificha.

Niliyabeba maneno hayo hadi nyumbani, kwa sababu bibi yangu alikuwa na kitu chini.

Bibi hakuzaliwa Lionja. Alizaliwa kwenye kijiji kilichokuwa karibu na kijito, mahali ambapo sasa mradi ulikuwa umepapiga mstari na kupaita bloku. Mama yake alifia hapo bibi akiwa mtoto mdogo. Baadaye vita vya Maji Maji vilipita, ikafuata njaa, watu wakatawanyika, kijiji kikawa mahame, na pori likakirudia. Lakini watu wa kwetu walijua. Palikuwa na mninga mkubwa na kichuguu kirefu, na wakubwa wakipita karibu walisimama kidogo. Sasa mninga ulikuwa umelala chali pamoja na mingine, na kichuguu kilikuwa kimesawazishwa.

“Sitaki mengi,” bibi aliniambia siku ile. Alikuwa akipepeta mtama na hakuniangalia. “Nataka nijue amelala wapi kabla hawajampitishia chuma mgongoni.”

Alikuwa ameshakwenda kwa bwana mkubwa wa bloku ile, yeye na mjomba wetu, ndugu yake wa baba mmoja, na walipokewa kwa adabu. Bwana alisema kaburi atakaloonyeshwa ataliwekea vigingi na plau zitalizunguka. Ambalo hataonyeshwa hawezi kuliacha, maana kila mtu angesema nchi nzima ni makaburi. Nilimchukia kwa jibu hilo, lakini kosa lake sikuliona. Taabu ilikuwa kuonyesha. Wakati wa mazishi bibi alikuwa mtoto, na watoto hawakupelekwa mazishini wala kuonyeshwa kaburi. Alichokuwa nacho ni habari aliyosimuliwa na shangazi zake: mama yake alifukiwa nyuma ya nyumba yake, na jembe lake juu yake, upande wa kichwani, ili asije akaliulizia. Na plau zilikuwa zimeanza bloku ya jirani. Tulizisikia mpaka nyumbani.

Kesho yake nilimpa mkalimani muhogo mnono kuliko yote, nikamwambia amwombe bwana wake atusikilizie jembe.

Alicheka. Kisha akaniona sicheki. Alimfuata Mzungu, wakazungumza, na nikaona yule Mzungu ananitazama juu ya bega la mkalimani kama mtu aliyeulizwa kitu alichokuwa anangoja kuulizwa siku nyingi. Mkalimani alirudi na kusema, “Anakubali. Anasema amechoka na pini.”

Asubuhi ya siku tuliyopatana bibi alifika na wanawake wa ukoo wamemzunguka, wote wamevaa kaniki safi, na mmoja amebeba unga kwenye kibakuli. Sisi ni Waislamu na mwalimu wetu wa madrasa hakupenda habari za tambiko, kwa hiyo unga ule hatukuuita tambiko. Tuliuita unga. Mjomba alikuja akasimama mbali kidogo, mikono nyuma, kwa sababu hata yeye hakuwahi kuonyeshwa mahali pale; alizaliwa na mke mwingine wa baba yao, Lionja, baada ya kuhama, na mambo ya mahame yalikuwa mikononi mwa wanawake.

Mzungu alivaa vifuniko vyake, akawasha mashine, akatusogelea kutuamkia. Papo hapo akaruka. Alitazama chini, akapitisha sahani miguuni mwa bibi, akatazama tena. Furaha ilimjaa usoni. Alipiga hatua kushoto, wanawake nao wakamfuata kushoto kuona anachokitafuta, na mashine ikazidi kulia. Alirudi kulia, wakarudi naye. Nadhani aliamini amekuta mnyororo wa meli mzima umezikwa pale. Mkalimani ndiye aliyegundua. Alimwonyesha mikono ya wanawake, shaba tupu kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, na yule Mzungu akacheka mwenyewe. Kisha akasema jambo fupi.

“Bwana anaomba,” mkalimani alisema kwa sauti ya kutangaza, “mama zangu mvue vikuku, mviweke kule kwenye kisiki, halafu muje mwonyeshe.”

Mwanamke mmoja alitema mate. Bibi alisogea hatua moja mbele, akazungumza Kiswahili chake kidogo, akikivunja kama kuni.

“Mwambie bwana yako hivi. Mume wangu mimi nimemwacha nyumbani, anakula kiporo. Mzima. Ana hasira, lakini mzima. Mimi sivui.”

“Ni kwa muda mdogo tu, bibi.”

“Kufa nako muda mdogo tu.”

Mkalimani alichukua muda mrefu kuyafasiri hayo. Yule Mzungu alisikiliza, akavua kofia yake, akainamisha kichwa kwa wale wanawake. Hilo nampa heko mpaka leo. Wengi wa wenzake wangepaza sauti. Lakini kofia yake haikutatua kitu: wenye kujua mahali hawakuweza kukaribia mashine, na mashine haikujua mahali. Tulisimama tukitazamana, na kwa mbali plau zilikuwa zinanguruma.

Ndipo macho yakaanza kunigeukia mimi, moja baada ya jingine. Nilijua kwa nini. Nilikuwa mwanamke pekee pale mwenye mikono mitupu. Nilitamani ardhi inimeze, na nilikasirika, nikamkasirikia hata marehemu mume wangu kwa kuniacha nisimame vile mbele za watu kama kuku aliyenyonyolewa.

“Mjukuu wangu,” bibi alisema, “nenda wewe.”

Alisema bila huruma hata kidogo. Alisema kama mtu anavyomwambia mrefu wa nyumba amshushie chungu darini. Sijui jinsi ya kuwaeleza nilivyojisikia kwa kukosekana kwa huruma ile. Nilikunja kaniki yangu nikaenda.

Wanawake walibaki ukingoni, na bibi akawa anapaza sauti kwa Kimwera kutoka hapo, mimi natembea mbele, Mzungu nyuma yangu anapunga fimbo yake juu ya udongo. Kitu pekee kilichobaki kama zamani ni pinda la kijito. Bibi alisema kutoka kwenye pinda unapanda mpaka magoti yachoke, ndipo unafika nyumbani. Nilipanda. Magoti hayakuchoka. Nilisimama nikamwuliza kwa kelele, magoti ya nani? Nikasikia wanawake wanacheka, na yeye anacheka nao. Yalikuwa magoti ya mtoto mwenye mtungi kichwani. Tukarudi nyuma karibu nusu ya njia.

Mashine ililia mara kadhaa na kila mara nilikuwa wa kwanza kuinama. Tulifukua pini. Tulifukua kopo la nyama, ambalo Mzungu alilitazama kwa aibu. Tulifukua kipande cha mnyororo kikubwa, vibarua wakashangilia, mimi nikanuna. Jua lilikuwa limeshakuwa kali na bibi alikuwa amepungua sauti. Nilianza kuandaa maneno ya kumwambia.

Kisha Mzungu alisimama. Safari hii hakuruka. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akarudisha sahani taratibu palepale, na tena palepale. Alipiga magoti na kuchimba kwa kisu, si kwa jembe. Chini ya udongo kulikuwa na kijungu kidogo, cha kiasi cha kiganja, kilichofunikwa kifudifudi. Upande mmoja ulikuwa umevunjika. Alipokiinua, chini yake palikuwa na bonge la kijani lililoshikana, na alipolibonyeza likaachana kuwa vipande vidogo vya duara, vyembamba, kila kimoja hakizidi ukucha wa kidole gumba.

Alikifuta kimoja kwa mate na shati lake. Maandishi yalikuwepo, ya Kiarabu, yamelika. Alikisogeza karibu na macho, akakigeuza, akakigeuza tena, akamwita mkalimani bila kuinua kichwa.

“Anasema ni sarafu za Kilwa,” mkalimani alisema, na kwa mara ya kwanza majigambo yalikuwa yamemtoka. “Za masultani wa zamani sana, kabla ya Wajerumani, kabla ya Wareno. Ameona nyingine kama hizi Dar es Salaam, ndani ya kabati la kioo. Anauliza zimefikaje huku. Huku bara, porini, mbali hivi na bahari.”

Vibarua walikuwa wameshazunguka. Neno sarafu lilikimbia kambi nzima. Yule Mzungu naye alikuwa akizungumza haraka, akipima ardhi kwa mikono, na mkalimani akitufasiria kwamba labda hapa palikuwa kituo cha misafara, labda tajiri wa pwani alilala hapa akafukia mali yake, na kama ni hivyo chini lazima kuna zaidi. Mtu mmoja alishainua sururu. Nikaona yatakayotokea: watachimba kila mahali, na bibi atampata mama yake kwenye lundo la udongo. Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, lakini sururu ilishuka chini bila kupiga.

Bibi alikuwa ameshaanza kukimbia. Alikuja akipasua udongo uliovurugwa na mnyororo, vikuku vinalia, na kadiri alivyokaribia ndivyo mashine ilivyompigia Mzungu kelele masikioni, mpaka akavua vifuniko vyake na kuvitupa shingoni. Bibi hakumjali. Hakuzitazama sarafu. Alikiokota kijungu, akakigeuza, akapitisha kidole ndani yake, kisha akakaa chini palepale, miguu imenyooshwa mbele kama msichana.

“Hapa si kaburini,” alisema kwa Kimwera. “Hapa ni mlangoni.”

Niliwafasiria kwa Kiswahili, mkalimani akafasiri kwa Kizungu, na hivyo ndivyo habari ilivyosafiri, ikisubiriwa kila kituo.

Kwetu, kitovu cha mtoto kikidondoka hufukiwa mlangoni mwa nyumba aliyozaliwa, chini ya kijungu kilichofunikwa. Kama ni binti wa kwanza, mama hukata shanga chache za kiunoni mwake akazitia humo. Lakini mama yake bibi hakuwa na shanga. Alitekwa akiwa msichana, akapelekwa Kilwa na msafara wa watumwa, akafanya kazi kwenye nyumba ya watu huko mpaka siku alipopata nafasi ya kukimbia. Ufukweni, baada ya mvua, watoto wa Kilwa waliokota mchangani vipande vya shaba vya zamani na kuvichezea. Yeye aliviona kuwa ni fedha, kwa kuwa vilikuwa na maandishi. Akavikusanya siku nyingi, akavifunga kwenye pindo la nguo, ili avitumie kununua chakula njiani akirudi kwao.

“Kila kijiji alichofika,” bibi alisema, “alitoa kimoja. Wakakigeuza, wakacheka, wakamrudishia. Wakamwambia, mtoto, hiki hakinunui kitu. Kaa ule.”

Ndivyo alivyofika nyumbani, ameshiba chakula cha watu, na fedha zake zote kwenye pindo.

Mkalimani alifasiri, na alipofika hapo akakohoa, akaanza upya. Yule Mzungu alizitazama zile sarafu kiganjani. Aliuliza kama ana hakika. Bibi alisema hakuwepo. Alichojua ni kwamba kitovu chake yeye kilifukiwa na vipande vya Kilwa badala ya shanga, na shangazi zake walimtania kwa hilo mpaka alipoolewa. Mzungu alisema neno ambalo mkalimani alilifasiri kuwa ni “labda”. Mwalimu wetu wa madrasa, tulipompelekea baadaye moja, aliweza kusoma jina la Mwenyezi Mungu tu na akasema naye labda. Mimi nimezeeka na labda hiyo na wala hainisumbui. Nikijiuliza sarafu zilifikaje mbali vile, huwa nakumbuka kwamba zingekuwa na thamani zingeishia kijiji cha kwanza.

Lakini siku ile hatukuwa na nafasi ya kuwaza hayo. Bibi alikuwa ameshajua aliposimama. Mtu akijua mlango wa nyumba anajua nyumba nzima. Aliinuka, akasimama pale palipotolewa kijungu, akageukia jua linakotoka, na mikono yake ikaanza kuonyesha vitu visivyokuwepo: hapa mafiga, hapa kinu, hapa ghala, hapa njia ya nyuma. Kaburi, kwa maneno ya shangazi zake, lilikuwa nyuma, baada ya ghala, mahali ambapo sauti ya mtu wa jikoni inafika bila kupazwa. Alirudi ukingoni kwa wenzake bila kuambiwa. Nami nikaifuata ile njia ya nyuma, iliyokuwa udongo mtupu, huku nikizungumza kwa sauti ya kawaida kama niliyesimama jikoni, na bwana mwenye mashine nyuma yangu.

Ililia mara moja, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia ikichuruzika kutoka kwenye vifuniko vyake. Alipitisha sahani tena na tena, akachora kwa kidole umbo kwenye vumbi. Lilikuwa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Mtu wa kwanza kutamka neno jembe alikuwa mmoja wa vibarua, Mngoni mmoja mkubwa ambaye hakuwa na ndugu yeyote pale, na alilitamka huku amevua kofia.

Hatukuchimba. Mzungu hata hakuuliza. Vigingi viliwekwa mchana huohuo, vinne, vyenye rangi nyeupe kichwani, na bwana mkubwa wa bloku akaja akavitazama akaandika jambo lake akaondoka. Plau zilipofika zilizunguka. Kwa misimu michache karanga zilistawi vibaya pande zote na katikati yake palikuwa na kisiwa cha majani ya asili kilichostawi vizuri, na watu walikitania sana kisiwa hicho. Kisha mradi ulikufa, matrekta yakaondoka moja moja, na watu wa kwetu wakarudi polepole kwenye ardhi yao na mihogo na ufuta na mikorosho. Bibi alikuwa wa kwanza kujenga. Babu alilalamika njia nzima ya kuhama, na alijenga akilalamika.

Siku ile, vigingi vilipokuwa vinapigwa, Mzungu alimjia bibi na kofia mkononi. Aliomba sarafu chache. Alisema angependa watu wenye elimu ya mambo hayo wazitazame, na kwamba zilizobaki ni zake bibi. Bibi alifikiri. Akamhesabia kiganjani mwake kwa kunong'ona, akampa zaidi ya alizoomba. Nilimwuliza kwa nini, akasema zimezoea kusafiri. Baadaye, mradi ulipovunjika, wengine walisema yule bwana alikwenda Kenya, wengine walisema Australia. Sikupata habari yake tena. Huenda zimo kwenye sanduku, huenda zilimdondoka bustanini kwake, na siku moja mtu wa huko atazifukua akikuna kichwa chake kwa kujiuliza zimefikaje.

“Sasa mwambie,” bibi alimwambia mkalimani, “na yeye anipe kitu. Anipe hayo masikio.”

Mkalimani alitazama vikuku, akanitazama mimi. Mashine ingelia kwa ajili ya mikono ya bibi mwenyewe, na asingesikia kitu zaidi ya shaba yake. Lakini bibi alikuwa ameshaielewa mashine ile siku nzima kutoka ukingoni. Alisubiri Mzungu amvike vifuniko juu ya kitambaa chake cha kichwa. Alirudi nyuma mpaka waya ukanyooka. Kisha akainua mikono yote miwili juu, juu kabisa, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya kijito, na vikuku vikateremka kwa mlio mpaka kwenye viwiko. Mzungu naye akanyoosha fimbo mbele kadiri mkono wake ulivyoweza, mbali naye, juu ya lile umbo la vumbini, akaanza kupitisha sahani. Aliipeleka, akairudisha. Aliipeleka, akairudisha.

Wanawake walisogea. Hata mjomba alisogea. Uso wa bibi ulikuwa umekunjwa kama wa mtu anayesikiliza nyumba ya jirani, kisha ukakunjuka wote kwa pamoja, na machozi yakamshuka bila yeye kuwa na mkono wa kuyafuta.

“Bibi,” nilisema, “unasikia nini?”

“Nyamazeni,” alisema. “Analima.”